Uzuri wa picha, uzito wa msiba: kutoka Noto hadi Kawetele

Nyumba nyingi za Kawetele, kata iliyo ndani ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, zina makaburi yake. Yako pembeni ya uwanja, kati ya migomba na miparachichi. Mengine ni tuta la udongo lenye msalaba wa mbao, mengine yamejengwa kwa saruji na kufunikwa vigae vyeupe au vya buluu. Kuku hupita juu yake, na nguo huanikwa hatua chache tu kutoka hapo. Mvua ya Rungwe, ambayo kwa mwaka huzidi milimita 2,000, huyaosha makaburi hayo karibu kila siku wakati wa masika. Ukungu ukishuka kutoka mlimani asubuhi, kigae kilicholowa hung'aa kuliko kitu kingine chochote uani. Mandhari hiyo ni nzuri, na kuusema uzuri huo mbele ya mfiwa ni jambo gumu. Ugumu huo ndio ninaoutafutia maelezo: anayetengeneza filamu kuhusu kifo katika familia ana ruhusa ya kuipendezesha picha yake? Uzuri huo unaibeba huzuni au unaiibia?

Sijui sinema iliyolihangaikia swali hili kwa muda mrefu na kwa subira kama ile ya Japani. Nitaanza na Maboroshi no Hikari, filamu ya kwanza ya kubuni ya Hirokazu Kore-eda, iliyotoka mwaka 1995 na kutunukiwa kwenye tamasha la Venice mwaka huohuo. Imetokana na hadithi ya mwandishi Teru Miyamoto, na kisa chake kinasimulika kwa pumzi moja. Yumiko, mwanamke kijana wa Osaka, ana mume aitwaye Ikuo na mtoto wa miezi mitatu. Jioni moja Ikuo anatembea juu ya reli, treni inamgonga, na kila dalili inaonyesha kwamba alikusudia. Hakuacha barua, na nyumbani hakukuwa na ugomvi. Miaka inapita, Yumiko anatafutiwa mume mwingine, mgane mwenye binti mdogo, anayeishi kijiji cha wavuvi kwenye Rasi ya Noto, upande wa bahari ya baridi. Maisha mapya ni mema. Mume ni mpole, watoto wanapendana. Swali la kwa nini Ikuo alikwenda linabaki ndani yake kama mfupa wa samaki kooni.

Kore-eda na mpiga picha wake Masao Nakabori walitegemea zaidi mwanga wa asili: wa dirishani, wa mlangoni, wa jioni. Kwa hiyo muda mwingi hatuuoni vizuri uso wa Yumiko. Tunaona umbo lake limeketi mahali penye giza, na nje ya dirisha bahari inang'aa. Mwigizaji wake, Makiko Esumi, alikuwa mwanamitindo ambaye hakuwahi kuigiza filamu, naye amevishwa nguo nyeusi karibu mwanzo hadi mwisho. Kamera haimsogelei kumkamata machozi. Karibu na mwisho anaufuata msafara wa mazishi ya mtu asiyemjua, na kamera iko mbali mno, watu ni vijiti vidogo vinavyotembea kati ya maji na anga, na picha inakaa hivyo kwa muda ambao mtazamaji asiyezoea atauona mrefu sana. Ni miongoni mwa picha nzuri kabisa nilizopata kuziona katika filamu. Na ndani yake kuna mjane anayejiuliza kwa nini mumewe aliamua kufa.

Ninachoona hapo ni adabu ya umbali. Kamera ya Kore-eda inakaa mahali ambapo jirani mwenye busara angekaa. Msibani Rungwe wanaume huketi nje, hatua kadhaa kutoka mlangoni, wakiota moto au wakijikinga mvua chini ya turubai. Ndani ni kwa wanawake na wafiwa wa karibu. Anayefika anajua atasimama wapi, ataingia lini, na hatamkodolea macho mama aliyefiwa. Umbali huo haumaanishi kutojali. Watu wameacha shamba, wameacha duka, wamekuja na kuni na ndizi, wapo. Filamu inapokaa mbali namna hiyo, uzuri wa picha hauko pale kumfurahisha mtazamaji. Unampa kazi ya kukaa na mfiwa bila kumwingilia.

Hata hivyo filamu hii ina kasoro, na aliyeitaja vizuri zaidi ni Hou Hsiao-hsien, mwongozaji mkubwa wa Taiwan. Alimwambia Kore-eda kwamba inaonekana alikuwa amechora kila picha kwenye karatasi kabla ya kuwaona waigizaji wakitenda, na kwamba mahali pa kamera huamuliwa baada ya kumtazama mtu. Kore-eda mwenyewe amelisimulia hilo mara nyingi na kukubali kwamba lilimbadilisha. Nadhani alikubali kwa sababu alikotoka ni kwenye televisheni, kwenye filamu za hali halisi. Mwaka 1991 alitengeneza moja kuhusu ofisa wa serikali aliyejiua na mke aliyebaki nyuma. Alikuwa ameshamsikiliza mjane halisi kabla ya kumbuni Yumiko, na kumsikiliza mtu halisi kunamfundisha mtu kwamba huzuni haikai kwenye fremu uliyoichora jana. Kuna dakika katika Maboroshi ambapo ninahisi Yumiko amewekwa dirishani kwa ajili ya dirisha. Hapo ndipo uzuri unapoanza kuiba.

Kabla ya kwenda mbali zaidi ni lazima nishughulike na hoja inayotolewa kila filamu hizi zinapotajwa hapa kwetu. Wanasema: Wajapani ni watu wa kimya, sisi tunalia kwa sauti, kwa hiyo filamu zao haziwezi kutufundisha kitu kuhusu misiba yetu. Hoja hii inakosea pande zote mbili.

Kimya cha sinema ya Kijapani hakikurithiwa na damu. Zama za filamu zisizo na sauti, kila ukumbi wa Japani ulikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia akaeleza kila tendo, akaigiza sauti za wahusika, akawacheka na kuwalilia. Watu walichagua ukumbi kwa jina la benshi wake. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu zenye sauti zilipoingia na kuwaondoa kazini, Heigo alijiua, mwaka 1933, na mdogo wake akaja kuwa mwongozaji mashuhuri akiubeba msiba huo. Yeyote aliyewahi kulipa kiingilio cha kibanda umiza Tanzania anamtambua benshi mara moja: ni Lufufu, ni DJ Mark, sauti zilizosimulia filamu za Hong Kong, India na Marekani kwa Kiswahili cha mtaani, zikijaza kila nafasi ambayo mwigizaji ameiacha tupu. Japani ilianzia penye kelele kama sisi. Yasujiro Ozu, ambaye leo ndiye mfano wa utulivu duniani kote, aliendelea kutengeneza filamu zisizo na sauti hadi katikati ya miaka ya 1930, na filamu hizo zilionyeshwa benshi akinguruma pembeni. Kimya chake cha baadaye alikichagua kama fundi anavyochagua kifaa.

Wala filamu hizo hazina upole ule tunaoudhania. Katika Tokyo Monogatari ya Ozu, ya mwaka 1953, wazee wawili kutoka mji wa Onomichi wanakwenda kuwatembelea watoto wao Tokyo, watoto hawana nafasi, na mara tu baada ya kurudi nyumbani mama anafariki. Chakula cha mazishi hakijaisha, binti mkubwa anaulizia nguo za marehemu anazozitaka, na mara yeye na kaka yake wanakimbilia treni. Nani kati yetu hajaliona hilo? Matanga hayajaanuliwa, kikao cha mirathi kimeanza chini ya migomba. Filamu hiyohiyo ina dakika ninayoiona kuwa jibu kamili la swali langu. Mama amekata roho alfajiri. Baba ametoka nje peke yake, na mkwe wake anakwenda kumtafuta. Mzee anamwambia kwamba mapambazuko yalikuwa mazuri, na kwamba leo kutakuwa na joto. Basi. Hasemi lolote kuhusu mke wake. Ozu hatuonyeshi jua linavyochomoza kwa mbwembwe. Tunauona uwanja wa kawaida, anga nyeupe, mtu mzee amesimama. Uzuri umetajwa na mfiwa mwenyewe, kwa kuwa ndio alioubakiza wa kuuzungumzia. Mtazamaji anayedhani mzee hana uchungu hajawahi kukaa na mzee aliyefiwa.

Ozu aliiweka kamera chini sana, karibu na usawa wa mkeka. Watu wameeleza sababu nyingi za uamuzi huo. Mimi nikiitazama nikiwa mtu wa nyanda hizi naona kitu kimoja: ni urefu wa jicho la mtu aliyeketi jamvini. Wanaofiwa huketi chini. Kamera iliyoshushwa hapo tayari imeingia msibani.

Sasa sinema yetu. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilipofungua soko la filamu za video Tanzania, msiba umekuwa nguzo ya Bongo Movie. Simu inapigwa, mama anaanguka, uso unasogezwa hadi unaijaza skrini, kinanda kinaingia kwa nguvu, na dakika kadhaa zinapita katika kilio. Sipendi dharau inayomwagwa juu ya filamu hizi na watu waliosoma. Zilikuwa na sababu zake. Hadithi moja iliuzwa mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, kwa hiyo matukio yalivutwa ili yajaze kaseti na diski. Upigaji picha ulikamilika kwa siku chache kwa sababu nyumba ilikuwa ya kukodi. Sauti ilinaswa na maikrofoni ya kamera, na kinanda kilifunika upepo na pikipiki. Zaidi ya hayo, mtazamaji alikuwa sebuleni au kibandani, penye watoto na wachuuzi. Filamu inayonong'ona isingesikika. Waigizaji wakalia kweli, na watazamaji wakalia nao.

Nguvu ya mapenzi ya watazamaji hao ilionekana mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012. Dar es Salaam ilisimama. Viwanja vya Leaders vilifurika watu waliokuja kumuaga, na njia ya kwenda makaburi ya Kinondoni haikupitika. Watu walimlilia kama walivyomwona akilia na kuliliwa mara nyingi kwenye filamu. Aliyesema Watanzania hawaipendi huzuni kwenye skrini hakuwepo.

Kwa hiyo tatizo langu na Bongo Movie haliko kwenye kilio. Kilio ni chetu na kina haki yake. Tatizo ni kwamba filamu zimechukua sehemu moja tu ya msiba, ile yenye sauti kubwa, zikaiacha iliyo kubwa zaidi. Na iliyoachwa ndiyo yenye uzuri.

Rungwe ina bahati ya kumbukumbu katika jambo hili. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuandika walichokiona. Godfrey alichapisha uchunguzi wake wa desturi za mazishi mwaka 1939. Alieleza jinsi wanawake walivyojaa ndani ya nyumba wakiomboleza kumzunguka marehemu, huku nje ngoma zikipigwa na wanaume, vijana hasa, wakicheza kwa nguvu, mikuki mikononi, vumbi likitimka, na wanawake wengine wakipita katikati yao. Mchezo ulianza katika uchungu. Kadiri siku ilivyosonga ulibadilika: vicheko vilisikika, vijana walitazamana, uchumba ulianzia hapohapo penye kaburi jipya. Wageni wengine wangeona utovu wa heshima. Wilson aliona watu wanaotoka kwenye hofu ya kifo na kurudi kwenye uhai kwa miguu yao wenyewe, pamoja, mbele ya macho ya wote. Ule ulikuwa uzuri wa kuonekana: miili iliyopambwa, safu za wachezaji, mdundo. Haukuifunika huzuni. Ulikuwa njia ya kuipitisha.

Wamisionari wa Moravian na wa Kilutheri, waliofika Rungwe mwaka 1891, hawakuupenda mchezo huo, na Wakristo walitengwa nao. Mahali pake pakaja nyimbo za kitabuni, kwaya na tarumbeta za kanisa. Ukisikia tarumbeta zikipanda kilima kwenye mvua, nyuma ya jeneza, wanakwaya wamevaa sare, utakubali kwamba uzuri ulibadilisha nguo tu. Haukufukuzwa.

Kumbukumbu hiyo nayo ina msiba wake. Godfrey Wilson alijiua mwaka 1944, akiwa bado kijana. Monica alibaki na watoto wawili wa kiume na masanduku ya maandishi ya kazi waliyoifanya pamoja Rungwe. Kitabu chake kikubwa kuhusu matambiko ya ukoo wa Wanyakyusa, ambacho mazishi yana nafasi pana ndani yake, kilitoka mwaka 1957, miaka 13 baada ya kifo cha mumewe. Nikisoma habari zake baada ya kuiona Maboroshi no Hikari siwezi kuzitenganisha na Yumiko. Mjane wa mtu aliyejiua alikaa mezani akapanga, ukurasa kwa ukurasa, jinsi watu wa vilima hivi wanavyolia, wanavyozika, wanavyocheza na wanavyorudi kula. Maandishi yenyewe ni makavu, ya kitaaluma, yenye majedwali ya undugu. Ukavu ule unanigusa. Naye alichagua umbali.

Niseme sasa ninachoamini. Uzuri katika picha ya msiba ni wa haki pale unapotokana na kazi ambazo watu wanazifanya kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya wao kwa wao. Unapotokana na kitu kingine chochote, jua linalozama, uso mzuri wa nyota, droni juu ya kilima, unakuwa wizi. Okuribito, iliyochukua tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2009, imejengwa yote juu ya mikono ya mtu anayeandaa maiti mbele ya familia: kunawisha, kuvisha, kuchana nywele. Muziki wake umezidi kipimo kwa maoni yangu, lakini mikono haisemi uongo.

Aliyelifikisha jambo hili mbali kuliko wote ni Kore-eda yuleyule, miaka 13 baada ya Maboroshi. Aruitemo Aruitemo ya mwaka 2008, aliyoitengeneza baada ya kumpoteza mama yake, inahusu siku ya kumbukumbu ya kijana aitwaye Junpei, aliyekufa maji zamani akimwokoa mtoto wa watu. Familia inakusanyika kwa wazazi. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea ila kupika. Karoti zinaparwa, mahindi yanapukuchuliwa, yanatumbukizwa kwenye mafuta na kuruka yakilia. Mwanga ni wa jikoni mchana, mikono inapishana, harufu karibu itoke kwenye skrini. Halafu usiku, mama, aliyeigizwa na Kirin Kiki, anaeleza kwa sauti ya kawaida kwa nini kila mwaka anamwalika yule mtoto aliyeokolewa, ambaye sasa ni kijana mnene mwenye kutoka jasho kwa aibu: anataka naye aumie, walau mara moja kwa mwaka. Anayasema hayo akifuma. Mikono haisimami. Sijaona katika Bongo Movie, wala katika filamu nyingi za Ulaya, kilio kinachonitisha kama ile sindano inayoendelea kwenda na kurudi.

Jiko hilo tunalo. Nyuma ya kila nyumba yenye msiba Kawetele kuna mafiga ya mawe na sufuria kubwa za kuazima, na wanawake waliogawana kazi bila kikao: wa ndizi, wa maharage, wa kuteka maji, wa kuosha sahani. Moshi wa kuni mbichi unashindana na mvua. Wanaume wako makaburini wakipokezana jembe na sururu, udongo mweusi wa volkano ukilundikana, mmoja akishuka shimoni, mwingine akipanda. Pana utani pale, na watani wana ruhusa ya kusema yasiyosemeka. Pana daftari la rambirambi na mtu mwenye mwandiko mzuri aliyepewa kalamu. Pana mtoto asiyeelewa, akizunguka na kipande cha ndizi. Bongo Movie inapita katikati ya yote hayo ikikimbilia uso unaolia.

Afrika Mashariki imeshaanza kuligundua hili. Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ina mtoto Jo anayeugua ugonjwa usiopona, mama anayetaka kumlinda, na dada anayeamua kumtimizia ndoto ya kuwa shujaa wa filamu. Kijiji kizima kinashika kazi: wengine nguo, wengine kamera, wengine kuigiza majambazi. Rangi zake ni kali na za furaha, na ni za haki kabisa, maana kila rangi tunaiona ikitafutwa na mtu anayempenda yule mtoto. Huku kwetu T-Junction ya Amil Shivji, ya mwaka 2017, inaanza na binti aliyefiwa na baba yake na ambaye hajui jinsi ya kumlilia, na inamwacha amsikilize mgonjwa hospitalini akisimulia msiba wa watu wengine, wamachinga na wapangaji wa njia panda ya mtaani kwao. Kusikiliza pia ni kazi ya msibani.

Hatari kwa mtengenezaji filamu wa Rungwe inatoka upande mwingine. Mahali hapa ni pazuri mno. Mashamba ya chai ya Katumba, Ziwa Ngozi ndani ya kreta yake, Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, ukungu unaokuja bila kuitwa. Kamera yoyote itapata picha nzuri, na wanaokuja kurekodi video za muziki kwenye chai wameshatuonyesha jinsi uzuri huo unavyoweza kuwa pazia la nyuma tu. Filamu ya msiba iliyopigwa hapa kwa pupa itakuwa kadi ya posta yenye jeneza. Mvua ni nzuri dirishani. Kwa waliobeba jeneza ni matope yanayoteleza kwenye mteremko, na kwa aliyechimba ni maji yanayojaa kaburini kabla mchungaji hajafika. Mchuma chai anaupima ukungu kwa baridi ya vidole. Kore-eda alijifunza kwa Hou kumtazama mtu kwanza, ndipo atafute mahali pa kamera. Hapa somo hilo ni la lazima maradufu.

Na tuna watu walioanza kujifunza bila kujua. Familia nyingi sasa humlipa mpiga picha arekodi msiba, ili ndugu walioko Dar es Salaam, Tunduma au ng'ambo waone jinsi mzazi alivyozikwa. Video hizo ni ndefu, saa tatu, saa nne, zimehaririwa kidogo sana. Kijana mwenye kamera anasimama mahali pamoja kwa sababu hawezi kupita kati ya watu. Anaacha wimbo uishe. Anarekodi foleni ya kuaga mwili mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kila ukoo utataka kujiona. Mvua ikinyesha anajificha chini ya turubai na kupiga kutoka hapo, watu wakiwa mbali, migongo yao ikiwa imeinama. Hakuna kinanda. Kwa kipimo changu video hizo, pamoja na mitetemo yake na tarehe iliyoandikwa kwa rangi ya chungwa pembeni, ziko karibu na Kore-eda kuliko filamu yoyote ya kubuni iliyowahi kutengenezwa kuhusu nyanda hizi. Zina muda na umbali. Kinachokosekana ni jikoni, kwa sababu hakuna aliyelipia jikoni kurekodiwe, na kinakosekana yule mzee aliyetoka nje alfajiri, kwa sababu mpiga picha alikuwa bado hajafika.

Hivyo ndivyo viwili ambavyo filamu ya kubuni inaweza kuviongeza juu ya kumbukumbu, na vinatosha kuifanya iwe na haki ya kuwepo. Anayetaka kuitengeneza Kawetele atahitaji kinasa sauti kizuri kuliko kamera nzuri, maana nusu ya msiba wa huku ni sauti ya mvua juu ya bati na ya wanawake wakizungumza chini chini jikoni kwa Kinyakyusa. Aiache lugha hiyo ibaki, aweke Kiswahili kwenye maandishi ya chini. Atahitaji familia iliyokubali kwa moyo, iliyoambiwa mapema nini kitaonekana, na kijana wa video za misiba apewe nafasi ya mpiga picha mkuu badala ya mgeni. Atahitaji siku nyingi kwenye nyumba moja. Mfadhili akiuliza kwa nini siku zote hizo kwa hadithi isiyo na fumanizi wala kesi ya mirathi, aonyeshwe Aruitemo Aruitemo hadi mwisho: siku moja, nyumba moja, chakula, na mama asiyeacha kufuma.